Karatasi za Kambi ya Nne

Kuku yule alipewa namba. Daftari la mali bado lipo masjala, ukitaka nitakuonyesha ukurasa. Mjane mmoja alikuwa amesumbuka miezi saba kufuatilia mafao ya marehemu mumewe, na siku ya pili baada ya kulipwa alikuja ofisini na kuku kwapani kutoa shukrani. "Mkono mtupu haulambwi," alisema, akamweka kuku juu ya meza ya Mhasibu Mkuu na kutoka mbio kabla hajarudishiwa. Bosi mwingine yeyote angemfunga kuku kamba miguuni na kwenda naye nyumbani. Huyu wetu alivuta kitabu cha kanuni, akasoma kwamba zawadi anayoachiwa mtumishi ni mali ya serikali mpaka ipigwe mnada, akamkumbatia kuku na kuja naye kwangu.

"Dada, fungua daftari. Andika: kuku, jike, mmoja, rangi ya majivu."

"Kaka, unanitania."

"Na hapo kwenye hali ya mali, andika 'nzuri.'"

Tangazo la mnada lilichukua wiki tatu kupata muhuri. Kwa wiki hizo tatu kuku alilala ndani ya kabati la majalada ya herufi M, akataga mayai kumi na moja, na kila yai nililiandika. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote. Nimeanza na kuku ili ujue kwamba mimi sikuwa mshabiki wake. Heshima niliyo nayo kwake leo ilinijia kwa nguvu, tena nikiwa sitaki.

Tulimwita Rula, naye alijua na hakukasirika. Aliingia serikalini akiwa na miaka ishirini na mbili, karani wa malipo katika idara ya barabara, akapanda ngazi moja moja bila kusukumwa na mjomba yeyote, mpaka akawa Mhasibu Mkuu wa mafao ya wastaafu. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido. Dirisha moja lilitazama maegesho ya magari, la pili lilikuwa limezibwa na rundo la majalada, na feni ya darini ilikuwa na bawa moja lililopinda, ikawa inagonga kila inapozunguka. Kila hati iliyofika mezani kwake aliiwekea rula ya mbao chini ya mstari wa kwanza, akasoma, akashusha rula, akasoma tena. Akifika mwisho alianza upya, safari hii kutoka chini kwenda juu. Siku moja nilimuuliza karatasi zimemkosea nini.

"Ukisoma kutoka juu unasoma unachokitegemea," alisema. "Ukisoma kutoka chini unasoma kilichoandikwa."

Kwa mtindo huo alimgundua muuguzi ambaye, kwa mujibu wa jalada lake, aliajiriwa siku aliyozaliwa, na hesabu zake zilikuwa zimepita mikononi mwa watu sita bila hata mmoja kushtuka. Wastaafu walilalamika kwamba anachelewesha. Wengine walimwombea mema. Mimi nilimletea majalada asubuhi na kuyachukua jioni kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo sikumwona hata mara moja akitia saini kitu asichokisoma.

Nyumbani alikuwa na mke fundi cherehani, mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa kuliko chumba, ambaye nilimwita wifi tangu siku ya kwanza. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili vyenye bati na vitatu vyenye kuta tu. Hivyo vitatu vilisubiri kiinua mgongo. Wifi alikuwa ameshapima madirisha na kushona mapazia ya vyumba visivyo na paa, akayakunja na kuyaweka kwenye sanduku. Alisema mume wake ni mtu wa uhakika, na pesa yake ya kustaafu ni ya uhakika kuliko jua la kesho.

Ilikuwa imebaki miezi mitatu astaafu alipoingia yule mzee wa lami.

Mimi nilikuwemo chumbani, nimeleta jalada lake. Alikuwa mtu mfupi, mikono yake ina makovu ya lami ya moto hadi kwenye viwiko, na kofia ameishika mapajani. Alikuwa amemaliza kazi barabarani na sasa anataka pensheni yake.

"Jalada lako lina miaka minane, mzee mwenzangu," Rula alimwambia, rula ikiwa chini ya mstari. "Sheria inataka kumi. Chini ya hapo ni mkono wa kwaheri, unalipwa mara moja, basi."

"Na ile minne ya darajani, bosi? Ya ukibarua?"

"Daraja halimo kwenye daftari la kudumu. Nimeangalia mara mbili. Wenzako walishakuja na dai hilohilo. Hakuna kumbukumbu."

Mzee wa lami hakupandisha sauti. "Bosi, nguzo ya tatu ya lile daraja ina alama ya kiganja changu kwenye zege. Unataka kumbukumbu gani tena?" Akageuza kofia yake. "Au mnatafuta siko. Karatasini sisi hatukuwa watu wa daraja. Mnyapara alikuwa anatuandika Kambi ya Nne."

Feni iligonga, ikagonga tena. Rula hakusogeza rula. Nilimwangalia uso nikadhani ameshikwa na ugonjwa, maana rangi ilimtoka kabisa.

"Njoo Jumatatu," alisema hatimaye. "Tafadhali usikose."

Mzee alipotoka, Rula alifunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa na mfanyakazi wa kike ndani. Akanisimulia akiwa amesimama.

Alipokuwa karani wa miaka ishirini na saba, ulikuja waraka kwamba karatasi za malipo ya vibarua zinakiliwe kwenye daftari la kudumu, kisha zichomwe, kwa sababu mchwa walikuwa wameivamia stoo. Yeye ndiye aliyepewa kazi hiyo. Alinakili miezi mitano. Furushi la mwisho lilikuwa la Kambi ya Nne, na lilikuwa limenyeshewa na paa linalovuja, karatasi zimegandana. Akaliweka dirishani likauke. Asubuhi ile bosi wake wa wakati huo akaja kutaka hati ya uthibitisho, gari linaondoka. Rula akamwambia Kambi ya Nne bado. "Vibarua hao?" bosi alisema. "Kesho hawapo. Tia saini." Akatia. Hati ilisema, "Nathibitisha kwamba zote zimenakiliwa." Alikusudia kunakili mchana uleule, lakini alipotoka kula na kurudi, dirisha lilikuwa tupu. Mtunza stoo alikuwa amezoa vyote akavipeleka motoni.

Siku zile miaka ya kibarua haikuhesabiwa kwa chochote, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Sheria ya kuihesabu ilikuja miaka kumi na minne baadaye, na wakati huo jambo lenyewe lilikuwa limeshamtoka akilini. Wazee walipokuja kudai miaka ya darajani, alifungua daftari, akasoma kutoka juu, akasoma kutoka chini, hakukuta daraja.

"Walikuwa watu ishirini na watatu," aliniambia. "Saba wameshakuja hapa kabla ya huyu. Wote saba nimewakataa mimi."

Nilizikumbuka barua zile. Mimi ndiye niliyezipeleka posta.

Sasa nitasema nilichomshauri, na sioni aibu, maana nawe ungeshauri hivyohivyo. Nilimwambia, "Kaka, mpe mzee wa watu miaka yake minne. Andika 'imethibitishwa,' gonga muhuri, nani atakuuliza? Kalamu ni yako."

"Imethibitishwa na nini?"

"Na wewe! Si unajua ni kweli?"

"Najua ni kweli. Lakini hiyo itakuwa saini ya pili ya uongo kufunika ya kwanza. Na wale ishirini na wawili je?"

Akafungua kitabu cha kanuni. Kumbe kulikuwa na kifungu ambacho tangu niajiriwe sijaona mtu akikitumia. Kumbukumbu ikipotea kwa kosa la mtumishi, hati ya kiapo ya mtumishi huyohuyo, akieleza alivyoipoteza na kilichokuwemo, inaweza kusimama mahali pake. Nani atumie? Ukurasa unaofuata unaeleza afanywe nini mtumishi aliyethibitisha uongo: anapelekwa kwenye kamati ya nidhamu, na anaweza kunyang'anywa kiinua mgongo chote, hata kama imebaki siku moja astaafu.

"Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe," nilimwambia. "Huko ni kujipalia makaa."

"Nifungulie jalada la nidhamu, dada. Kwa jina langu."

Nilikataa. Nilimwambia afungue mwenyewe kama amerukwa na akili. Nikalia, na kilikuwa kilio cha hasira. Yeye alisubiri mpaka nimalize, akasema kwa upole kabisa, "Siwezi kufungua mwenyewe. Masjala ni yako, mimi sina ruhusa." Hata kujiangamiza alitaka kufuate utaratibu! Nilifungua jalada lile kwa mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika.

Jumatatu mzee wa lami alikuja kabla ofisi haijafunguliwa. Rula alimweleza kila kitu, waziwazi, kama nilivyokueleza. Mzee akauliza tu, "Sasa wenzangu utawapataje? Mimi nawakumbuka kumi, labda kumi na mmoja."

Rula akasogeza kiti nyuma, akafumba macho, akaweka viganja viwili juu ya meza. Kwa miaka minne yeye ndiye aliyekaa kwenye meza ya malipo kila Jumamosi, akiita majina kwa sauti watu waje kuchukua ujira. Akaanza kuita. Hakuita kwa sauti ya ofisini, aliita kwa sauti ya kijana aliye uwanjani kwenye upepo, jina la mtu na la baba yake, moja baada ya jingine, bila kusita, kwa mpangilio wa karatasi ambazo zimekuwa majivu kwa miaka thelathini na mitatu. Nywele zilinisimama. Nilikuwa na kalamu nikasahau kuandika. Alipofika jina la kumi na saba, mzee wa lami aliruka kutoka kwenye kiti, kofia ikaanguka, akaitika kwa nguvu, "Nipo!"

Tulitazamana sote watatu. Mzee akaona haya, akaokota kofia. Rula akafumba macho tena na kuendelea na wa kumi na nane, mpaka wakatimia ishirini na watatu.

Jumapili nilikwenda kwa wifi. Nilimkuta kwenye cherehani barazani, anakanyaga kana kwamba mashine imemtukana. Hakucheka.

"Kaka yako ameshaniambia," alisema. "Siku ya tatu leo sijamsemesha. Nimekasirika, nisikudanganye. Miaka mingapi natazama kuta?"

"Mwambie aiondoe ile hati, wifi. Bado haijasikilizwa."

Uzi ukakatika. Akautafuta, akautia mate, akautunga kwenye sindano kwa mara ya tatu ndipo ukaingia. "Mimi ni fundi," alisema. "Nguo ya mtu nikigundua nimekosea, hata kama ameshaivaa mara kumi, namwita nafumua. Nikimkuta amekufa je? Hilo ndilo linalomnyima usingizi huyu bwana. Sasa nimwambie asifumue?" Akaendelea kushona. "Lakini bado nimekasirika. Mwambie hivyo ukimwona."

Mkurugenzi wetu hakuwa mtu mbaya. Alimwita Rula faragha, na baadaye katibu wake alinisimulia kila neno. Alimwambia ustaafu ni wiki chache tu, hati inaweza kupotea, majalada hupotea. Rula alimjibu kwamba ndiyo, hupotea, na ndiyo sababu yupo pale. Basi kamati ikakaa, watu watano na majagi mawili ya maji. Ikamwita mzee wa lami, ikawaita na wawili wengine wa Kambi ya Nne, mmoja mmoja, wataje wenzao. Majina yakalingana. Siku tatu kabla ya kustaafu kwake uamuzi ukatoka: kiapo kimekubaliwa, miaka ya darajani inahesabiwa, watu wote wa Kambi ya Nne au warithi wao watalipwa, ili mradi wajitokeze ndani ya siku tisini. Na Mhasibu Mkuu akatwe nusu ya kiinua mgongo.

"Nusu ya paa," alisema wifi, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu mwanzo.

Ungedhani mtu aliyelipa hivyo ameshalipa. Jumatatu ya kwanza ya kustaafu kwake alikuwa mlangoni kwangu masjala, raia wa kawaida, shati limepigwa pasi, anaomba kwa utaratibu nakala za anwani. Siku tisini zilikuwa zinakimbia, na serikali ilikuwa imebandika tangazo kwenye ubao wa ofisi, mahali ambapo wafu hawasomi na vipofu hawapiti. Akaenda mwenyewe. Kwa miguu na kwa basi, siku baada ya siku, na siku zangu za likizo nilikwenda naye, nikinung'unika, kwa sababu miguu yangu si ya serikali. Wengi tuliwapata. Wale saba alionikabidhi barua zao za kukataliwa hakutaka wapate habari kwa mtu mwingine. Alisimama mbele ya kila mmoja akasema, "Niliyekuandikia hapana ni mimi, na nilikosea." Mmoja alimkumbatia. Mmoja alimfukuza kwa fagio, naye akarudi kesho yake na fomu.

Wa saba alikuwa ameshafariki. Tulielekezwa kwa binti yake, msusi, mwenye chumba cha viti viwili na kioo kirefu nyuma ya soko. Tulimkuta anamsuka mteja. Alituambia, "Karibuni baba, karibu mama, kaeni hapo kwenye benchi, namalizia mstari huu."

Rula hakukaa. "Mwanangu, nilikuwa ofisi ya mafao. Baba yako alikuja akasema amefanya kazi darajani miaka minne. Nilimwandikia kwamba hakuna kumbukumbu. Alikuwa anasema kweli. Aliyepoteza kumbukumbu ni mimi."

Mikono ya yule binti ilisimama ndani ya nywele za mteja.

"Alituambia," alisema. "Kila siku alikuwa anatuambia. Barua yenu ilipokuja, kaka yangu aliisoma mezani, wote tukasikia. Hakuna kumbukumbu. Tangu siku hiyo akianza tu habari za daraja, tunacheka. Tulimwita Mzee Daraja. Mimi pia nilimwita." Akaziachia nywele za mteja. "Mwishoni akaacha kusimulia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Rula alikuwa ameshika fomu ya madai mkononi, akaiangalia kama hajui ilikotoka. Binti aliichukua ile fomu, akaiweka kwenye kiti kitupu bila kuisoma.

"Wewe ulimwona akifanya kazi? Kwa macho yako?"

"Nilimlipa kila Jumamosi."

"Basi nisimulie."

Akamsimulia. Hakujua kupamba, alieleza kama alivyokuwa akieleza hesabu. Alisema baba yake alikuwa wa kuchanganya zege, upande wa kushoto wa mto. Alisema katika vibarua ishirini na watatu, yeye alikuwa wa mwisho kwenye foleni kila wiki, ingawa jina lake lilikuwa la nne, kwa sababu alishuka kwanza mtoni kunawa ili asichafue karatasi ya malipo. Mistari ya wengine ilikuwa na madoa ya saruji. Mstari wake ulikuwa mweupe miaka yote minne.

"Hadi kwenye viwiko," binti alisema taratibu. "Alikuwa ananawa hadi kwenye viwiko. Hata kama anakwenda kushika gazeti tu."

"Ndiyo," alisema Rula. "Hadi kwenye viwiko."

Mteja alikuwa analia, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, najiona mdogo mbele ya mtu niliyewahi kumcheka kwa ajili ya mayai. Niseme wazi: nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na wengine walikuwa na magari ya bendera, lakini hofu ya kweli, ile ya heshima, niliipata siku moja tu, mbele ya mstaafu mwenye vumbi viatuni ambaye alikuwa amenunua nafasi ya kusimama pale kwa nusu ya mafao yake.

Binti alifuta mikono kwenye aproni, akatoa simu, akapiga.

"Kaka. Acha unachofanya. Hapana, hakuna msiba. Kaa chini kwanza. Yupo mtu hapa alikuwa darajani na baba." Akasikiliza. "Ndiyo, daraja. Daraja lile. Ngoja nikupe."

Akamnyooshea Rula simu. Rula aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, akasema, "Mwanangu, baba yenu hakuwadanganya," na akaanza kusimulia upya kutoka mwanzo.